Fomu ya Hali ya Kifaa

Wiki tatu za mwanzo hatukugusa kitu.
Tulikaa karakanani, nyuma ya stesheni ya Tabora,
garimoshi likipita bisibisi zinagongana ukutani,
tukitazama.
"Mikono mifukoni," alisema Dokta Nshoma Lusangija.
"Anayeanza na mkono humaliza na aibu."
Mjomba kule Ipuli alicheka hadi akakohoa:
ada ya chuo kikuu, mtoto anafundishwa kutazama!

*Kifaa:* zeze.
*Mwenyewe:* marehemu Ngassa Mihayo, Sikonge.
*Kibuyu:* kina ufa, vidole viwili, kuanzia mdomoni.
*Uzi:* waya wa breki ya baiskeli.
*Harufu:*
hapana, fomu haikuuliza harufu.
Niliandika pembeni, kwa penseli: moshi, tumbaku, mtu.

Kosa langu nililifanya Jumamosi, chumba kikiwa kitupu.
Pamba, maji ya vuguvugu, nta kidogo.
Nilianzia shingoni mwa zeze, pale palipokuwa peusi,
na weusi ukatoka,
ukatoka vizuri mno,
mninga ukawaka wekundu wake kana kwamba umekatwa jana.
Nikapiga picha. Nikamtumia mama.

Jumanne akaja mjukuu wake, Mbuke,
vumbi la barabara mpaka kwenye kope.
Hakuona kung'aa.
Alipitisha kidole gumba shingoni, akarudi, akapitisha tena,
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyozaliwa.
"Babu alikuwa akishika hapa.
Palikuwa na kibonde. Palikuwa peusi."
Kibonde kilikuwepo.
Weusi ulikuwa kwenye pamba,
pamba kwenye pipa,
na pipa lilichomwa Jumatatu.

Dokta hakunigombeza. Heri angenigombeza.
Alinipa fomu mpya, akagusa mstari wa chini kabisa:
*Kilichopotea wakati wa matengenezo, na aliyekipoteza.*
Nikaandika: jasho la miaka arobaini. Mimi.

Baba yangu ni mwashi, Cheyo wanamjua.
Usipoziba ufa utajenga ukuta:
methali hiyo ilitulisha, ikatuvisha, ikanilipia shule.
Basi nilikwisha kuchanganya gundi ya ule ufa wa kibuyu
Mbuke aliposema, bila kunitazama,
kwamba zeze lilianguka usiku wa harusi ya shangazi yake,
kwamba babu aliliokota, akaendelea,
sauti ikatoka na mkwaruzo,
na wazee kwa vijana wakapiga kelele: hiyo! hiyo hiyo!
Tangu usiku ule hakutaka zeze jingine.

Gundi ikakaukia kwenye kijiko.
Kijiko ninacho hadi leo.

Mtihani wa mwisho nilipewa barometa
ya shaba, kutoka misheni fulani,
mshale wake umeganda kwenye neno *mvua*.
Ilikuwa Septemba. Hata mijusi ilikuwa inatafuta kivuli.
Nilitazama siku mbili, mikono mifukoni.
Siku ya tatu nikafungua
na ndani ya kile kikebe chembamba chenye mikunjo
nikakuta kitundu, kidogo kuliko jicho la sindano,
hewa ikiingia na kutoka inavyotaka.

Hicho nikakiziba.

"Mbona hiki umeziba," akauliza Dokta, "na kile cha Mihayo ukakiacha?"
Nilikuwa na jibu refu, lenye vitabu.
Nikasema tu: "Kile kilikuwa kinasema kweli."
Akaandika kitu, akafunika karatasi kwa kiganja.

Tukaigonga kioo, mara moja, kwa ukucha.
Mshale ukatetemeka, ukaiacha mvua,
ukasimama njiani
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Tukangoja.
Nje, juu ya mabati ya stesheni, hakuna wingu.
Mshale ukasogea tena,
unywele mmoja.